Mke wa Dirisha la Tatu

Unywele wa kwanza msusi aliupuuza. Saluni ni nyumba ya nywele; zinaingia kwenye chai, kwenye mkate, hata ndani ya soksi, na msusi anayeshtushwa na unywele mmoja ni bora akauze nyanya. Aliukuta jioni wakati wa kunawa mikono, umejizungusha chini ya kito cha pete yake ya uchumba, mizunguko saba ya kubana. Akauvuta, akautupa kwenye ndoo pamoja na mabaki ya rasta. Siku ya pili akakuta mwingine, na siku ya tatu mwingine. Siku ya nne aliunyoosha juu ya meza, ukatoka ncha hii ukafika ile na bado ukaning'inia, mweusi, umenyooka, umelowa maji. Kutwa nzima alikuwa amesuka wateja watatu, na nywele za wote watatu ukiziunga zisingefika nusu ya meza.

Alimwonyesha shoga yake, fundi wa kucha aliyekuwa na kiti chake pale dirishani, ambaye mtaa mzima ulimwita Makucha. Makucha ana ulimi mkali kuliko tupa yake. Aliutazama unywele, akasema labda mchumba wako ana mtu, na mtu huyo anajua kutunza nywele kuliko sisi. Wakacheka. Msusi alicheka kwa raha zake, maana mchumba wake alikuwa mwaminifu kwa mambo ya wanawake. Kwa mambo mengine tutakuja kuona.

Pete yenyewe ilikuwa nzuri, hilo tusilifiche. Dhahabu yake ilififishwa kwa makusudi, kito chekundu kikashikwa na vimeno sita, na pembeni kulikuwa na nakshi nyembamba ambazo ungedhani zimesuguliwa na vidole vya bibi wa bibi yako. Tangu usichana wake msusi hakupenda pete zinazong'aa kama kijiko kipya, na masonara wote wa mjini walikuwa na hizo tu. Mchumba wake ni wakala wa forodha, kazi yake ni kuwatolea watu mizigo mpakani, na alilijua duka moja ng'ambo ambako pete hutengenezwa leo zikaonekana za juzi na jana. Alivuka asubuhi, akarudi nayo jioni ileile, na katika kumvisha alijisifu kwamba haikulipiwa ushuru hata kidogo. Huyo ndiye alivyo. Mwonyeshe mlango, atauliza dirisha liko wapi.

Baada ya nywele ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua, na ndiyo maana ilichelewa kujulikana, kwa sababu nani atauliza harufu hiyo ndani ya saluni? Lakini siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Drai zilikuwa baridi, pasi za nywele baridi, na harufu ikazidi mpaka mteja mmoja akatoka nje na kitambaa puani. Makucha alizunguka chumba kizima akinusa, chini ya sinki, nyuma ya pazia, kwenye ndoo. Akaishia mbele ya msusi, akaushika mkono wake wa kushoto, akaunusa, akauachia haraka kana kwamba umemchoma.

Wiki hiyohiyo alikuja mwalimu wa shule ya jirani kusuka mistari ya kurudi nyuma. Alikuwa mtu wa kusinzia kitini, na msusi alimpenda kwa utulivu wake. Walipofika katikati ya kichwa mwalimu alisema, macho amefumba, "Leo mnanisuka wawili?"

"Niko peke yangu, mwalimu."

"Basi nani ananisuka huku kisogoni? Mikono yake baridi."

Mikono yote miwili ya msusi ilikuwa utosini. Alikwenda polepole kutazama kisogo, akaona mstari mmoja ambao hakuusuka yeye, mwembamba, ulionyooka, mzuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya maishani, na umebanwa hivi kwamba kwenye mashina ya nywele kulikuwa na vitone vya damu. Alijaribu kuufumua, haukufumuka. Ilibidi ukatwe kwa mkasi, na mwalimu hakurudi tena.

Hapo ndipo msusi alipotaka kuivua pete, na hapo ndipo pete ilipokataa. Alitumia sabuni, akatumia mafuta, akatumia uzi wa kuzungusha kidoleni ambao Makucha aliapa haujawahi kushindwa, na kila alipoivuta pete ilijikaza zaidi, mpaka kidole kikavimba, kikawa chekundu, kisha cha zambarau, na kesho yake mchana, wakati anajaribu tu kushika kitana, kikaanza kuwa cheusi kuanzia kwenye ukucha kushuka chini, na yeye akajikuta anakitazama kidole chake mwenyewe kwa woga ule ambao mtu huutazama nao mlango aliousikia ukisukumwa na upande wa pili hakuna mtu.

Hospitali walileta mkasi maalumu wa kukatia pete. Meno yake yakavunjika. Wakaleta mwingine, nao ukavunjika, na daktari wa zamu akaitazama pete kwa chuki kana kwamba imemtukana. Alimpa dawa za maumivu na maneno yasiyozungushwa. Kikiendelea hivi mpaka keshokutwa, alisema, tutakiondoa kidole, na mkichelewa tutauondoa mkono. Msusi hakulia pale. Alilia njiani, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaotenga nywele na kuzishika, wa kulia unasuka tu, na msusi wa mkono mmoja hayupo duniani. Alianza kusuka akiwa na miaka tisa. Hakujua kufanya kitu kingine, wala hakutaka kujua.

Makucha ndiye aliyewapeleka msusi na mchumba wake kwa Mama Mapazia, ingawa yeye mwenyewe aliishia nje, akasema atangoja barabarani penye watu. Mama Mapazia alikuwa mshonaji wa mapazia, na nyuma ya duka, baada ya saa za kazi, aliwatazama watu walioshindikana kwingine. Hakuwa na maringo ya uganga. Aliwaambia wakae juu ya marobota ya vitambaa, akaendelea kushona upindo, na wala hakuuangalia mkono wa msusi. Alimwangalia wakala.

"Mkeo ni nani?" aliuliza.

Wakala akasema huyu hapa mama, ni mchumba wangu, bado hatujaoana.

"Sikuuliza mchumba. Mlangoni pangu mmeingia watatu."

Cherehani ilinyamaza. Msusi aligeuka kumtazama mwanamume wake, akamwona anameza mate, anatazama viatu vyake, na akajua kabla hajaambiwa kwamba kuna jambo. Moyo ulimdunda mpaka kidoleni.

Wakala alisimulia kwa sauti ndogo. Siku ile anarudi na pete, aliivaa kwenye kidole kidogo asije akapekuliwa mfukoni. Dirisha la tatu, afisa wa forodha akaiona. Yeye kanuni anazijua kuliko wanaozisimamia: pambo la mke anayesafiri na mumewe halitozwi. Basi akasema pete ni ya mke wangu, tunasafiri pamoja, imembana kidole kwa sababu ya joto ndiyo maana nimemshikia. Afisa akauliza, mkeo yuko wapi? Pale uongo ulimwishia. Na kabla hajafungua kinywa, mwanamke aliyesimama nyuma yake kwenye foleni akasema, niko hapa.

"Nilidhani mama wa watu ananisaidia," alisema wakala. "Watu husaidiana kwenye foleni."

"Ulijibu nini?"

"Afisa aliuliza, huyu ndiye mkeo? Nikasema ndiye. Akamuuliza na yeye, huyu ndiye mumeo? Akasema ndiye, nimemkubali. Wakacheka, afisa na mwenzake wa pale dirishani. Huyo mwenzake akaandika, akagonga muhuri. Nilipotoka nje nikageuka kumshukuru, sikumwona."

"Alikuwaje?"

"Sikumwangalia vizuri. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na mvua haikunyesha."

Mama Mapazia alikata uzi kwa meno. Alisema kuna watu wameoana kwa kidogo kuliko hicho: mume amesema, mke amekubali, mashahidi wawili wamesikia, ikaandikwa. Wakala akajitetea kwamba ule ulikuwa uongo tu wa kupitia.

"Kwako," alisema Mama Mapazia. "Yeye hakudanganya."

Msusi aliuliza yeye anaingia wapi katika mambo hayo. Mama Mapazia alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sura yake ikalainika. "Wewe umevaa pete ya mke wa mtu, mwanangu. Kwake wewe ndiye mwizi. Na mumewe alishatamka mbele ya watu kwamba pete inabana kidole. Basi inabana."

Dawa yake haikuwa na mizizi wala moshi. Mwanamume arudi dirisha lilelile, kwa watu walewale wawili, aseme: nilidanganya, yule si mke wangu, sina mke. Aseme kwa sauti wasikie. Asinong'one, asiseme moyoni, asipige simu. Fundo lililofungiwa pale linafunguliwa palepale, na pete itatoka yenyewe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, aliongeza, lakini wewe umeshajikwaa ulimi, na dole linalooza ni la mwenzako.

Wakala alijifuta jasho. "Nikisema hivyo wataninyang'anya leseni, mama. Kazi yangu yote iko pale dirishani."

"Basi chagua."

Akafikiri. Hakufikiri kwa muda mrefu, haki yake apewe, lakini msusi aliyaona mawazo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine, na kila moja lilimuuma kuliko kidole. Mwishowe wakala akasema ataenda kesho alfajiri, akamshika bega, akamwambia atayasema yote. Msusi aliamini. Mtu akikupenda na wewe ukiwa na maumivu, kuamini ni rahisi kuliko kukaa na shaka.

Asubuhi msusi alikwenda saluni kama kawaida, kwa kuwa kukaa nyumbani na ule mkono kulimshinda. Ilipofika saa nne Makucha akatoka kwenda duka la dawa la kona ya pili, na msusi akabaki peke yake, jua limejaa mlangoni, barabarani watu wanapita, redio ya fundi viatu wa jirani inasikika mpaka ndani. Alikuwa ameweka mkono mapajani akiuangalia. Ghafla kidole kikapoa. Pete ikalegea, ikateleza juu ya fundo la kidole bila kuguswa, ikadondoka sakafuni, ikaviringika. Damu ilirudi kidoleni kwa maumivu makali mpaka akapiga ukelele, na ukelele huohuo ukageuka kicheko, akalia na kucheka pamoja, akilitaja jina la mchumba wake na kumwombea heri zote, na bado alikuwa anamwombea heri alipogundua kwamba redio ya fundi viatu haisikiki tena, na barabarani hakuna anayepita, na ile harufu ya nywele zinazoungua imejaa chumbani kuanzia sakafuni mpaka darini, na pete, iliyokuwa bado inaviringika, imesimama mbele ya mguu wa mtu.

Mwanamke aliinama, akaiokota, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu uliyewahi kusimama naye foleni mahali ukamsahau. Alikaa kwenye kiti cha kusukia, akafungua kitambaa, na nywele zikashuka, zikapita mgongo wa kiti, zikafika sakafuni, zikaendelea kushuka, zimelowa, zikijikunja zenyewe kuizunguka miguu ya kiti na kwenda kuelekea mlangoni.

"Nisuke," alisema. "Nakwenda kwa mume wangu."

Msusi alitaka kukimbia, na miguu yake ilikuwa na akili hiyohiyo, ila mikono ilikuwa imeshashika kitana. Alianza kutenga. Nywele zilikuwa baridi mpaka mifupani, na kila mstari alioumaliza ulijibana wenyewe zaidi ya alivyoubana yeye, na hakuna aliyesema neno kwa muda ambao hakuweza kuupima, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa imesimama pia.

"Una mkono mzuri," mwanamke alisema. "Nilitaka kuuchukua. Nilidhani umeniibia."

"Sikujua," alinong'ona msusi. "Nakuapia sikujua."

"Sasa najua. Sina ugomvi na wewe tena."

Simu ikaita juu ya meza. Ilikuwa ya wakala. Msusi aliibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje.

"Imetoka?" wakala aliuliza. Alikuwa anahema. "Niambie, pete imetoka?"

"Imetoka."

"Mungu mkubwa. Nimesema yote, mpenzi. Mbele yao wote wawili, kama mama alivyotaka. Sasa hivi niko kwenye gari, narudi."

Mwanamke hakugeuza kichwa. Alisema taratibu, "Muulize, afisa alipomuuliza hali yangu, yeye alijibu nini."

Msusi aliyarudia maneno hayo kwenye simu, neno kwa neno.

"Nani amekuambia?" wakala alisema.

"Jibu."

"Alinisalimu tu. Aliniona akaniuliza, mkeo hajambo? Watu wamejaa nyuma yangu, na mkuu wao wa kazi yupo palepale. Ningesemaje? Nikasema hajambo, anakusalimu. Lakini nilimpa talaka baadaye, nje, kwenye gari. Nimesema mara tatu."

"Kwa sauti?"

Wakala akasema, kwa sauti ya mtu anayebembeleza, "Lakini pete si imetoka?"

Pete ilikuwa imetoka. Msusi alikitazama kidole chake, kilichokuwa kimeanza kurudia rangi yake, akaelewa ilivyotoka: haikufunguliwa na ukweli, imefuatwa na mwenyewe, aliyetambuliwa dirishani kwa mara ya pili. Hasira ilimpanda kwanza, halafu uchungu, na chini ya vyote viwili mapenzi yalikuwepo bado, kwa kuwa hayaondoki siku moja. Alipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Nywele tu ndizo zilizobaki mikononi mwake, nazo zilianza kwenda, zikiteleza baina ya vidole vyake, mistari yote aliyoisuka, zikivutwa sakafuni, zikipita chini ya mlango kuelekea barabarani, ndefu, zisizokwisha, mpaka ncha ya mwisho ikamgusa kiganja ikapotea. Redio ya fundi viatu ikarudi.

Kwenye simu kulikuwa na mlio mdogo. Tii, tii, tii.

"Sauti gani hiyo?" msusi aliuliza.

"Gari. Taa ya mkanda imewaka. Linadhani kuna mtu amekaa hapa pembeni yangu." Alijaribu kucheka. "Hakuna mtu. Nimeangalia."

"Unasikia harufu?"

Alimsikia akivuta hewa puani.

"Unasikia harufu gani?"

"Nywele," alisema wakala, na sasa alikuwa ananong'ona. "Nywele zinaungua."

"Umefika wapi?"

"Sijafika mbali. Forodha naiona kwenye kioo."

"Basi nisikilize. Geuza gari. Nenda dirishani ukaseme, mbele ya foleni na mkuu wao na nani sijui. Useme ulidanganya. Leseni acha iende. Mimi nina mikono miwili, tutakula. Geuza gari sasa hivi."

Alingoja. Alisikia mlio wa mkanda, akasikia mtu anapumua, kisha akasikia kwamba wanaopumua ni wawili.

"Nikirudi pale nitapoteza kila kitu," alisema wakala. "Hebu nije kwanza nyumbani, tuongee. Tutapata njia nyingine."

Msusi alifumba macho. Akayafumbua, akavinyoosha vidole vyake vitano, kimojakimoja, vyote vikamtii.

"Basi mfunge mkanda," alisema, akakata simu, akaenda kufunga mlango.